Ushanga wa Mama Dedo

Jumatatu, 12 Mei
Wiki hii mwanangu Dedo anachezwa dipo, unyago wetu wa wasichana. Jumapili atatoka mbele ya mji mzima wa Odumase amevaa shanga za mama yake, Mungu amrehemu. Zote zipo isipokuwa bodom, ule ushanga mnene wa manjano. Dedo kaniuliza uko wapi. Nikasema umehifadhiwa pazuri. Kweli kabisa: uko shingoni mwa shemeji yangu Maku! Miaka sita iliyopita niliubadilisha kwa redio ya mchuuzi mmoja. Redio haikumaliza wiki. Maku akaupata kwa yule mchuuzi, na tangu siku hiyo anapita nao mbele yangu sokoni kila Alhamisi. Nimwombe? Afadhali nimeze kaa la moto.

Jumanne, 13 Mei
Nimepata akili. Nitatengeneza pacha wake, kisha nibadilishe. Nimetwanga chupa, nikajaza unga kwenye kalibu ya udongo, katikati kikonyo cha jani la muhogo ili tundu libaki kikishaungua. Nikachoma tanurini; umetoka mrembo! Nimeupaka mawese na matope uzeeke. Dedo kauliza mbona nalia. Moshi, nikamwambia. Zamani mama yake ndiye aliyekuwa akinikatia vikonyo.

Alhamisi, 15 Mei
Soko la Koforidua. Nikamwambia Maku nina mteja anayetaka kuona bodom ya kweli. Akavua, akanipa, akageuka kupanga bidhaa zake. Nikatoa wangu mfukoni. Nilipokuwa nikibadilisha, shanga zote mbili zikaniponyoka, zikaangukia mapajani. Upi ni upi? Fundi wa miaka thelathini, sikujua! Nikajivunia kidogo. Kisha Maku akageuka.

Hakufoka. Akapitisha kila mmoja shavuni, akachungulia matundu.

"Huu tundu lake limelika kwa uzi," akasema. "Uzi wa dada yangu, na wa mama yetu kabla yake. Niliukomboa uwe wa Dedo. Miaka sita nangoja uniombe tu, shemeji."

Akaniwekea kiganjani. Wa chupa akauvaa yeye, akasema nimejitahidi. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 18 Mei
Dedo katoka! Bodom kifuani, kichwa juu, mama yake kabisa. Maku alilia. Mimi nililia kuliko yeye. Nyumbani Dedo akaufungua ule ushanga, akasema, "Baba, nitunzie wewe." Mimi! Tangu mama yake afariki hakuna aliyeniamini hivi. Nimeapa sitaubadilisha tena kwa kitu chochote duniani.

Jumatatu, 19 Mei
Bibi yangu alikuwa akisema bodom ikizikwa huzaa. Maku anastahili wa kwake wa kweli, si ule wa chupa. Amenitendea wema, lazima nimlipe kwa wema. Kwa hiyo jana usiku niliuzika ule wa Dedo nyuma ya tanuri, nikachomeka kikonyo cha muhogo kiwe alama. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Uwanja wote ni tope, kikonyo sikioni. Dedo kauliza bodom iko wapi. Nimemwambia imehifadhiwa pazuri.