Kilo Tatu Kati Yangu na Kiti

Jumatatu, 3 Juni

Nafasi imetangazwa! Mwangalizi wa mitambo wa kiwanda chetu cha barafu anastaafu. Kazi yake ni kukaa kwenye kiti, kutazama vipimo vya joto, na mara moja moja kupanda ngazi kukagua tangi la juu. Kiti! Miaka kumi na moja nabeba mapande ya barafu. Vidole vimekufa ganzi, vifungo vya shati nafungwa na mke wangu. Nakitaka kiti kile mpaka naumwa.

Vikwazo viwili. Ijumaa tunapimwa afya, na kibao kilichopo chini ya ngazi kinasema mwisho kilo tisini. Nimejipima kwenye mizani ya barafu: tisini na tatu. Cha pili ni Njiti, mdogo wa mke wangu tunayefanya naye kazi, naye ameomba. Kilo hamsini na tano, viatu vikiwemo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Juni

Baada ya kazi nilivaa masweta matatu, koti la mvua juu, nikaruka kamba uani. Jasho chapachapa. Kilo mbili zimekwenda! Kisha kiu. Nikasema nionje maji kidogo tu. Nilipoinua kichwa, mtungi mtupu. Tisini na tatu kamili. Mwili huu hausamehe hata gramu.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu mpya. Nimesikia mtu akitetemeka mafuta yanaungua. Nikaingia chumba cha barafu na fulana tu. Nilitetemeka vizuri mno, meno yakagongana. Njiti akachungulia, akauliza kama naumwa. Nikamwambia nakagua ubora. Akaniletea koti lake, halikupita hata mkono mmoja. Sijui wema huu una ajenda gani.

Nyumbani njaa ikanivamia. Nikala changu, cha mke wangu, na kilichobaki sufuriani. Mke wangu ni mwalimu wa sayansi, alikuwa anasahihisha madaftari. Akaweka kalamu chini.

"Mume wangu, mwili hauna mlango wa nyuma. Ukiupasha, unatoa jasho. Ukiugandisha, unatetemeka. Ukiunyima, utadai. Uache ufanye kazi yake."

Nikamjibu kwamba hayo ni ya wanafunzi.

Alhamisi, 6 Juni

Sili, sinywi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ulimi mkavu kama soli. Nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka meza. Mke wangu amehesabu mizunguko arobaini, akahamishia madaftari chumbani. Chooni nimekwenda mara moja, rangi kama chai. Mizani: tisini na nusu! Nasikia kizunguzungu, lakini ni cha furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi, chini ya tisini! Nikaenda zahanati naimba. Muuguzi akanipa kikopo, akataka mkojo kwanza. Nikasimama chooni robo saa. Hata tone! Figo zimefunga duka. Akaamuru ninywe lita mbili za maji mbele yake. Njiti, naye amekuja kupimwa, ndiye aliyekuwa ananijazia gilasi. Muuaji! Ndipo nikapandishwa kwenye mizani. Karibu tisini na mbili.

Nililia, sifichi. Muuguzi akauliza kulikoni, nikamweleza habari ya ngazi. Njiti akanitazama kwa huruma.

"Shemeji, ile ngazi ilibadilishwa mwaka jana, kibao cha chini ndicho cha zamani. Mpya inabeba kilo mia na hamsini. Hujawahi kutazama juu?"

Sijawahi. Mbeba barafu hutazama miguu yake.

Kilichoniangusha ni moyo. Muuguzi anasema unakwenda mbio kwa kukaukiwa maji. Nirudi baada ya wiki mbili. Nile, ninywe, nilale, nisifanye kitu kingine chochote. Kwa sasa Njiti atakalia kiti. Amemwambia meneja kwamba nikifaulu ataniachia, maana vidole vyangu ndivyo vilivyochoka. Simwamini, ingawa nilishindwa kumwangalia usoni.

Jumatatu, 10 Juni

Nisifanye kitu! Ushauri wa wavivu huo. Eti mtu mzima akae tu, auachie moyo uamue mwendo wake! Moyo ukienda mbio hufundishwa adabu. Tangu asubuhi nabana pumzi. Nahesabu mpaka sabini, naachia, naanza upya. Ajabu, kila nikiachia unakimbia zaidi. Mkaidi huyu. Kesho nitahesabu mpaka mia, na tutaona nani atachoka kwanza, mimi au yeye.