Malalamiko Kuhusu Jani la Isale Lililopokelewa Jukwaani

Eliasi Nanyaro,
Nkoaranga, Meru.

Kwa Mwalimu Theresia,
Mwongozaji, Kikundi cha Maigizo cha Ng'ambo ya Mto,
Olasiti, Arusha.

YAH: OMBI LA KUTANGAZA KWAMBA SIKUOMBA MSAMAHA

Mwalimu wangu mpendwa, shikamoo.

Natanguliza salamu hiyo kwa sababu ni wewe uliyenifundisha, kidato cha pili, kwamba mtu akikosa adabu katika aya ya kwanza hakuna atakayeisoma ya pili. Mimi ni mzima, mama ni mzima, kahawa imechanua vizuri na mvua inanyesha inavyotakiwa. Kisichokuwa sawa ni kimoja tu, nacho kilitokea Jumamosi iliyopita alasiri katika ukumbi wa shule pale Olasiti, mlipoonyesha ile tamthilia ya kale ya mapenzi na vichekesho ambayo wewe, kwa uamuzi wako mwenyewe, uliivalisha nguo za siku hizi.

Ili yeyote utakayemwonyesha barua hii asipotee, nieleze mambo mawili. La kwanza ni mchezo wenyewe. Kijana wa ukoo wa kifahari, mwenye ulimi mkali, anamuudhi mchumba wake mbele ya watu. Binti anajifanya mwanamume na kuingia kazini kwake kama mtumishi, ili aone kama moyo wa bwana huyo utalainika. Mwishoni bwana anapiga goti, anatoa pete, anasamehewa, watu wanacheza ngoma. La pili ni kwamba binti huyo aliigizwa na Vaileth, ambaye ni mchumba wangu, au alikuwa, au ni. Na utata huo wa nyakati za kitenzi ndio hasa ulionifanya nishike kalamu.

Unajua yaliyotangulia. Kwenye sherehe ya kumuaga dada yake, Vaileth alishika kipaza sauti akatangaza kwamba tutafurahi kwa "masaa mengi". Nilisimama, nikamwomba ruhusa mshereheshaji, nikasema kwa heshima zote kwamba wingi wa saa ni saa. Watu walicheka. Vaileth alikaa chini na hotuba yake ikaishia hapo. Tangu siku hiyo ujumbe wangu anausoma na hajibu. Ndugu, marafiki na hata mchungaji walinishauri nimwombe msamaha. Nilikataa kwa hoja: msamaha huombwa kwa kosa, na sarufi sahihi si kosa. Huo ndio msimamo nilioingia nao ukumbini, na ndio msimamo ambao kikundi chako kimenipora. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mavazi na vyombo. Kitabuni bwana anaingia juu ya farasi, amevaa mahameli. Wewe umemwingiza juu ya bodaboda. Kitabuni wagomvi wanapigana kwa panga ndefu alfajiri. Kwako wamepelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ameshindwa kuamua kesi kwa kuwa muhuri umebaki nyumbani kwa mke mdogo. Nilikuja na kitabu, nikawa nafuatilia mstari kwa mstari kwa tochi ya simu, na kila mlipopotoka niliweka alama kwa penseli. Jirani yangu akaniambia, "Kaka, zima tochi, hapa si chumba cha mtihani." Nilizima, ila nilikuwa nimekwisha kujaza pambizo. Baadhi ya watu wanadai kwamba kwenye habari ya muhuri nilicheka mpaka kiti kikalia. Nilikohoa.

2. Kofia ngumu. Katika mavazi ya kale tunaweza kuamini kwamba bwana hakumtambua mchumba wake, kwa maana watu wa enzi zile walijifunika sana. Lakini wewe umemvalisha Vaileth kofia ngumu ya dereva wa bodaboda na kizibao kinachong'aa, kisha unatutaka tuamini kwamba mwanamume anayempenda anaweza kukaa naye tangu pazia la kwanza mpaka la mwisho akamwita "dogo". Huko ni kututukana wachumba wote wa mkoa huu. Mimi ningemtambua Vaileth hata akivaa gunia. Ana namna ya kuvuta pumzi kabla ya kusema jambo la kuchoma, na pumzi hiyo niliisikia kutoka safu ya tatu, ndani ya kofia ile. Niliona ajabu kwamba Brayson, aliyeigiza bwana, hakuisikia naye akiwa amesimama ubavuni kwake. Sisemi hili kwa wivu. Nalisema kama uhakiki.

3. Koti. Hapa naomba ukae chini, Mwalimu, kama ulikuwa umesimama. Bwana wa kitabuni ni mtu wa kasri. Brayson alitoka akiwa amevaa koti la kahawia lenye viraka viwikoni, kalamu mbili mfukoni, na kitabu kwapani ambacho hakukifungua hata mara moja. Kisha akasema maneno ambayo hayamo katika chapa yoyote niliyowahi kuisoma: "Kwa mujibu wa kamusi, mpenzi, umekosea." Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Nilikuwa nimevaa koti la kahawia. Sina ushahidi wa aliyewapa habari hizo, lakini kuna mtu mmoja tu duniani niliyewahi kumwambia maneno hayo, na alikuwa jukwaani amevaa kofia ngumu. Siku mbili baadaye nilipita soko la Kwa Mrombo, na mama mmoja muuza ndizi akaniita, "Msomi, karibu ndizi! Au nazo utazisahihisha?" Nilinunua ili kumaliza mjadala. Wakati wa kuzifunga aliziita "mandizi", kwa makusudi, akiningoja. Nilinyamaza. Nimeanza kuona kwamba kunyamaza kunanizoea.

4. Jani. Haya ndiyo malalamiko makuu. Pete ya kitabuni umeibadili kuwa jani la isale. Nakiri kwamba kwa nadharia ni tafsiri nzuri. Huku kwetu mlimani, mtu akikuletea isale amekuomba msamaha, nawe hukatai, hata kama amekuchomea zizi. Hakuna mtazamaji ambaye angehitaji maelezo. Lakini ukamkabidhi kazi ya kulitafuta Brayson, kijana wa mjini ambaye shamba lake ni chungu cha maua kibarazani. Alipopiga goti mbele ya Vaileth akanyanyua mkono, mimi niliona kabla ya wote. Lilikuwa jani la mahindi.

Nilitaka kuvumilia. Ila Bibi Hanna, bibi yake Vaileth, alikuwa safu ya mbele, na Bibi Hanna hajui kwamba mtu wa jukwaani hasemeshwi. Alisimama na fimbo yake. "We mjukuu wangu, usipokee! Hilo ni hindi. Ukilipokea hilo, umeombwa radhi na ng'ombe!" Watu wakaangua kicheko. Brayson akabaki amepiga goti, analitazama jani kama mtu aliyepewa karatasi ya somo asilosoma. Mwingine akapaza sauti, "Mchemshie hilo hindi, atakula!" Vaileth alilitazama jani, akamtazama bibi yake. Hakuweza kupokea, kwa kuwa bibi yake yupo. Hakuweza kukataa, kwa kuwa mchezo haujaisha. Niliona mabega yake yakishuka, kama yalivyoshuka siku ile ya kipaza sauti.

Mwalimu, mimi nilisimama kwa ajili ya usahihi peke yake. Jani lisilo isale lilikuwa kosa, na kosa husahihishwa. Nilitoka nje, nikakata isale kwenye ua wa shule, nikarudi kabla watu hawajamaliza kucheka, nikapanda jukwaani nimkabidhi Brayson ili aendelee na kazi yake. Bahati mbaya Vaileth alikuwa katikati. Akavua kofia ngumu. Akanitazama, akavuta ile pumzi niliyoitaja, akauliza kwa sauti isiyokuwa ya maigizo, "Eli, hili ni la nani?"

Nilifungua mdomo nieleze kwamba ni la Brayson kwa matumizi ya kisanaa. Lililotoka ni neno moja: "Lako."

Kisarufi jibu lile halina dosari. Jani liko katika ngeli ya LI-YA, na kimilikishi chake kwa nafsi ya pili umoja ni "lako". Sikusema "nisamehe". Sikupiga goti, nilijikwaa kwenye waya wa spika, na aliyeniona goti likiwa chini aliona ajali. Vaileth akalipokea kwa mikono miwili. Bibi Hanna akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka barabarani. Kisha Vaileth akaugeukia ukumbi, jani likiwa kifuani, akasema polepole, neno kwa neno, "Nimemsamehe. Na siku yetu ikifika, tutacheza kwa masaa."

Kila mtu alinitazama. Brayson alinitazama. Hata yule jirani wa tochi aliwasha yake akanimulika usoni. Walikuwa wanangoja, nami nilijua wanachongoja, naye alijua zaidi ya wote.

Sikusema kitu.

Kimya hicho kimetafsiriwa vibaya mno. Makofi yaliyofuata sikuyaomba.

5. Matokeo. Shangazi yake amempigia simu mama yangu, na wamezungumza mpaka salio likaisha upande wa pili. Wajomba zake wanaulizana lini waje kwetu kupanga harusi. Brayson, bila aibu, ananiita shemeji. Mchungaji amenishika mkono mlangoni mwa kanisa akasema, "Hongera kwa kujishusha," wakati sijajishusha, nimepandishwa jukwaani. Na Vaileth mwenyewe sasa anajibu ujumbe wangu wote, hata ule wa zamani, kwa mpangilio, akianza na ule niliomwandikia kuhusu asili ya neno "saa". Ameuita mtamu. Mtu mwenye msimamo ataishi vipi katika mazingira kama hayo?

Kwa hiyo naomba mawili. Mosi, mtakapouonyesha mchezo huo huku Nkoaranga, utangaze kabla pazia halijafunguliwa kwamba jani la Olasiti lilikuwa kifaa cha jukwaani, kwamba aliyelitoa alikuwa mtazamaji mwenye kujali usahihi, na kwamba halimfungi yeyote kimila. Pili, Brayson afundishwe tofauti ya isale na mahindi, na mpaka atakapofaulu asikabidhiwe kazi yoyote ya kumpigia goti Vaileth. Ikiwa nafasi hiyo itabaki wazi, nipo, na maneno yote nimeyahifadhi kichwani, pamoja na yale ambayo hayamo kitabuni.

Nisalimie wanakikundi wote, mwenyekiti wa mtaa na muhuri wake, mpiga kinanda, na waliokaa safu ya tatu wakanivumilia. Msalimie Bibi Hanna kipekee. Mwambie kwamba kuhusu lile hindi alikuwa sahihi, na mtu sahihi hapaswi kuomba radhi.

Naufunga waraka huu nikiwa mwanafunzi wako asiyebadilika,

Eliasi Nanyaro,
Shahada ya Kwanza, Isimu na Fasihi.

Baada ya sahihi: Ukiamua kuisoma barua hii mbele ya watu, tafadhali ruka ile sentensi ya kukata isale kwenye ua. Mlinzi wa shule amenikumbusha kwamba ua wao ni wa seng'enge, na kwamba pale Olasiti pote hajawahi kuona shina la isale. Watu wataanza kuuliza jani lilitoka wapi, watafika kwa mama, naye ndiye aliyenikatia kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, asubuhi ile, akalifunga kwa kitambaa kibichi lisinyauke ndani ya koti, na hajawahi kutunza siri hata moja maishani mwake. Lile tangazo nalo liache. Wajomba wanakuja Jumapili.