Nimemsomea Mheshimiwa Hansard Yake Mwenyewe

Leo nimejianika, jamani. Mchana kweupe, na ndani ya ukumbi wa kanisa. Na bado nina hasira, kwa hivyo mtu asiniulize kama niko sawa. Siko sawa.

Kwa wale hamnijui: mimi ni fundi wa nguo, naishi Mashimoni, Kibera. Kibanda changu kilikuwa Sarang'ombe, huku huku Kibera. Ndani ya kibanda kulikuwa na cherehani, na juu ya cherehani sare za shule za watoto wa watu. Januari, fujo za kura zilipochacha, kikachomwa. Niliporudi nilikuta gurudumu la cherehani tu, jeusi kama sufuria ya kupikia pombe ya chang'aa. Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema "uchunguzi unaendelea", damu inanichemka.

Baadaye ikaja kamati ya wabunge kututembelea. Kati yao alikuwepo mheshimiwa mmoja. (Si mbunge wa huku kwetu, ametoka mbali huko. Jina silitaji, aibu niliyonayo yanitosha.) Alinikuta nimesimama kwenye jivu langu, akanishika mkono, akasema, "Mama, haya nitayasema Bungeni." Nikamwamini. Mtu mzima mimi, na meno yote kinywani!

Miezi ikapita. Kimya. Jana tukaambiwa kamati inarudi, itakutana na sisi tuliochomewa, wa Kibera na wa Kawangware, kwenye kanisa moja huko Kawangware. Nikasema leo ni leo, siendi mikono mitupu. Natafuta alichokisema.

Kwani hamjui? Kila neno linalotamkwa Bungeni huandikwa. Inaitwa Hansard, iko kwenye mtandao, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Mtu yeyote mwenye subira, yaani. Mimi yangu iliungua na kibanda.

Asubuhi nikaingia cyber ya Mama Ciru, kwenye kompyuta za kukodi, pale mtaani Olympic. Nikaandika "cherehani". Hakuna kitu. (Sijui nani aliniambia Bunge zima litakaa kujadili cherehani yangu.) Nikaandika jina la mheshimiwa. Haiya! Anampongeza Spika kwa kuchaguliwa. Anawashukuru wapiga kura wake. Anamshukuru Spika tena kwa kumpa nafasi ya kumshukuru. Nikafungua kumbukumbu za kamati. Kikao kilianza kwa maombi, kikaahirishwa. Kingine nacho kikaanza kwa maombi, kikaahirishwa. Watu wanaomba tu! Halafu kila baada ya mistari michache mwandishi ameweka "makofi", "kicheko". Sisi tunalalia magunia, wenzetu kicheko chao kinawekwa kwenye kumbukumbu za taifa!

"Mama Mutuku, usigonge hiyo keyboard hivyo," Mama Ciru akaniambia. "Si hiyo iliyochoma kibanda chako."

Mwishowe nikaandika "Sarang'ombe". Kompyuta ikafikiria, ikafikiria, kisha ikaruka moja kwa moja hadi katikati ya mjadala mrefu. Juu ya ukurasa Naibu Spika anawatuliza watu: "Tulieni! Mheshimiwa, endelea." Mheshimiwa ni nani? Ni yeye. Na maneno yake ni haya:

"Hawa watu wa vibanda vya Sarang'ombe wamezoea kulia. Walijenga mahali pasipo pao, moto ukaja, na sasa wanataka Serikali iwalee kama watoto. Warudi kushona viraka vyao na wakae kimya. Sisi hatuna kazi nao."

Nikasoma. Nikasoma tena. Masikio yakawaka moto.

"Nichapishie," nikamwambia Mama Ciru.

"Zote? Ni kurasa nyingi."

"Huo mmoja tu. Huo mmoja unatosha kumzika."

Nikaenda Kawangware na jirani yangu Baba Nafula, fundi seremala, mtu wa Magharibi mwa Kenya, ambaye mbao zake ziliungua usiku ule ule pamoja na kibanda changu. Njiani nikamwonyesha karatasi. Akasimama katikati ya barabara, mkokoteni ukamkosa kidogo.

"Viraka? Amesema viraka?"

"Viraka."

"Na mbao zangu amesema nini?"

"Hata hakuzitaja."

Hiyo ndiyo ilimuuma zaidi.

Tulipofika ukumbi ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Mheshimiwa amekaa mbele na wenzake, suti safi, chupa ya maji mbele yake. Mara poleni. Mara tuko pamoja nanyi. Pamoja wapi? Nikainua mkono juu kama mtu anayezama.

"Mama, kwa ufupi," mwenyekiti akasema, akanipa kipaza sauti. (Hilo ni kosa lake, si langu.)

"Mimi sikuja na maneno yangu," nikasema. "Nimekuja na ya mheshimiwa. Aliyatamka Bungeni akidhani huku Kibera hakuna mtu anajua kusoma."

Nikasoma. Nilipofika kwa viraka, Baba Nafula akaruka juu ya benchi.

"Rudia hapo pa viraka!"

Nikarudia.

"Rudia tena, wa nyuma hawajaskia!"

Nikarudia kwa sauti ya mhubiri wa kona. Ukumbi ukalipuka. Watu wakapiga mbinja. Mama mmoja mstari wa mbele akavua kiatu akakishika tayari. Nami nikavimba! Tangu Januari sijawahi kujisikia vizuri hivyo.

Mheshimiwa hakukimbia. Alikaa tu, mikono magotini, ananitazama. Nikadhani ni jeuri.

"Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza, na wewe umekwisha!" (Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa kipaza sauti.)

"Ukurasa unaofuata unao?"

"Wa nini?"

Akafungua mkoba, akatoa Hansard nzima, akatafuta, akasoma polepole: "Hayo, Bwana Naibu Spika, ndiyo majibu niliyopewa na afisa mmoja nilipokwenda kuwaulizia watu hawa. Ni matusi! Namtaka aje ayarudie hapa mbele ya Bunge, nikimtazama machoni."



Akaniomba karatasi yangu. Akaweka kidole mbele ya neno la kwanza. "Unaona hizi alama mbili hapa juu, mama? Maana yake ni kwamba mtu ananukuu maneno ya mwingine."

Nilikuwa nimeziona. Nilidhani ni wino wa printa ya Mama Ciru.

Aki wenzangu, kicheko! Kile cha Bungeni ni cha watoto. Mama wa kiatu alikuwa anakirudisha mguuni taratibu. Nikamtafuta Baba Nafula, wakili wangu, shahidi wangu. Alikuwa ameshahamia benchi la mwisho, ameinama anafunga kamba za viatu. Amevaa sandali!

"Lakini mama anasoma vizuri," mheshimiwa akasema. "Hata mimi nimejichukia." Watu wakafa tena kwa kucheka.

Mwenye akili angekaa chini. Mimi machozi yalikuwa hapa karibu, na ile hasira, badala ya kwisha, imekosa tu mahali pa kwenda. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Haya, nimekosea, naomba radhi," nikasema. "Lakini ulipomaliza kusema hivyo, ukajibiwa nini?"

Akafungua ukurasa mwingine. Akakohoa.

"Swali liliahirishwa."

"Kwa nini?"

"Waziri hakuwepo."

"Na alipokuja?"

Mheshimiwa akafunga ile Hansard. Akanywa maji. "Mama, jambo hilo tunalifuatilia."

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee mmoja dirishani akaguna tu, "Haya basi." Mama wa kiatu akaniangalia, nikamwangalia. Cherehani yangu bado ni gurudumu. Mbao za Baba Nafula bado ni jivu. Tumetembelewa, tumeandikwa, tumenukuliwa, na hakuna hata mtu mmoja wa kumpigia kelele, kwa sababu yule mmoja niliyempigia ndiye pekee aliyetusemea!

Mwenyekiti akatangaza haraka kwamba kuna soda nje.

Sikunywa. Nikashika njia kurudi Kibera. Baba Nafula akanifuata kwa mbali na chupa mkononi, kisha akanikaribia, kisha akaanza kuongea kama vile tulikuwa benchi moja wakati wote. Tulipofika Mashimoni akawasimulia wanawake wote kwenye foleni ya maji, pamoja na ile sauti yangu ya mhubiri. Sasa hivi naandika haya na nje wananiita Mheshimiwa Nusu Ukurasa.

Sawa, chekeni kidogo. Nimeumbuka mbele ya kamati nzima, sikatai. Lakini si kama yule Waziri: mimi angalau nilifika.