Barafu Ndani ya Kilemba

Wenzangu wa kikundi, hebu sogeeni karibu na simu zenu, na aliye na maji mdomoni ayameze kwanza. Leo nimeaibika ukweni. Mchana kweupe, na nguo mpya mwilini.

Nianzie mbali kidogo ili mnielewe. (Mnanijua. Siwezi kusimulia bila kueleza.)

Binti yangu Nyangeta ameolewa Butiama. Ana mimba ya kwanza, miezi saba. Anataka kuja kujifungulia kwangu hapa Nyakato, Musoma, akae nami mpaka mtoto apate nguvu. Mimi nataka hivyo kuliko yeye. Lakini mtoto ni wa ukoo wa watu, kwa hiyo lazima mama mzazi aende mwenyewe, aombe kwa adabu, apewe jibu. Siku ya kuomba ilikuwa leo.

Wa kuombwa ni wawili. Kuna Mzee, baba wa mkwe wangu Magesa, mtu mpole anayesinzia hata akisalimiwa. Halafu kuna Mama Magesa. Huyu ni mrefu, amenyooka kama nguzo ya umeme, hacheki kabisa. Akikutazama unakumbuka makosa uliyofanya darasa la pili. Alishamwambia Nyangeta: "Nitamwona kwanza huyo mama yako kama ni mtu wa kutulia. Mjamzito haachiwi mtu wa papara."

Jana Nyangeta akanipigia simu.

"Mama, kesho uongee kidogo tu."

"Kwani mimi naongeaga sana?"

"Mama! Siku ya harusi yetu ulimweleza mpiga picha habari za kongosho."

(Kweli. Alikuwa anafungua soda ya tatu. Ningenyamazaje?)

"Na tafadhali usitaje homoni. Ukianza homoni tu, tumekwisha."

Nikaahidi.

Sasa kuna siri ambayo hata ninyi sijawahi kuwaambia. Mimi, mhudumu wa afya ya jamii, niliyewafundisha wengi wenu kwamba ukifika umri huu usione aibu, useme, uulize, mimi mwenyewe nina miezi minane joto linanijia ghafla na nimemficha kila mtu. Mume wangu namwambia ni bati linapata moto. (Nyumba ina dari.)

Kwa waliokosa somo, ni hivi. Mwanamke akikaribia kukoma hedhi, homoni iitwayo estrojeni inapungua, tena haipungui kwa utaratibu. Inapanda na kushuka kama umeme wa msimu wa mvua. Ubongo ndio unaopima joto la mwili, na homoni ikiyumba, kipimo kinakuwa na wasiwasi. Kajoto kadogo tu, ubongo unadhani nyumba inaungua! Unafungua mishipa ya ngozi, unamwaga jasho, moyo unakwenda mbio. Baada ya dakika chache linapita, unabaki na baridi na nguo zimelowa. Si laana wala uchawi. Ila kuna mambo yanayolichokoza: kukosa usingizi, wasiwasi, vinywaji vya moto, pilipili, pombe, nguo nzito za kubana.

Shikeni hayo, kisha mnitazame mimi wa leo.

Usingizi: saa tatu tu, usiku kucha nafanyia mazoezi hotuba yangu. Nguo: suti ya kitenge yenye bitana, aliyonishonea dada yangu wa Bunda kwa vipimo vya miaka minne iliyopita. (Kiuno cha umri huu hakijui vipimo vya zamani. Mafuta yanahama mapajani yanakuja kukaa tumboni. Hiyo nayo ni homoni. Na ni maandazi pia.) Juu ya yote, kilemba kikubwa, maana mtu wa kutulia anavaa kilemba.

Asubuhi nikapita mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Huwezi kutoka ziwani kwenda Butiama mikono mitupu, watakuuliza kama ziwa limekauka. Nikanunua sato wanne wakubwa, wakawekwa kwenye deli langu la plastiki, lile sanduku la kutunza baridi. Muuzaji akachota barafu kwa beleshi kutoka kwenye lundo lake la chini, lile wanalolazia samaki wa kila aina.

"Hii barafu mbona chafu?" nikamuuliza.

"Kwani mama unaila?"

Nikalipa. Likumbukeni hilo beleshi.

Saa tano nikafika. Nyangeta akanipokea, tumbo mbele, akaagiza deli lipelekwe jiko la nje. Magesa hakuonekana. Kwao mkwe wa kiume hakai sebule moja na mama mkwe wake, kwa hiyo alinisalimia akiwa amejibanza nyuma ya ukuta.

"Shikamoo mama!" ukuta ukasema.

"Marahaba baba!" nikaujibu ukuta.

Tukaketi. Kochi la manyoya. Madirisha mawili, yote yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Ikaja chai ya tangawizi na pilipili manga, imetoka jikoni sasa hivi, inafoka mvuke. Ukweni chai haikataliwi. Nikanywa. Mama Magesa akamimina tena. Nikanywa.

"Ongeza mkwe, utoe uchovu."

Nikanywa ya tatu, na huku najua kabisa, kama mwalimu anavyojua majibu ya mtihani wake, kwamba najimwagia petroli.

Likaanzia kifuani. Likapanda shingoni, likafika masikioni. Mgongoni bitana ikanigandia. Moyo nao, du du du du!

"Mkwe, uko salama?" Mama Magesa akauliza, macho yamenikazia.

"Salama kabisa! Naomba kutoka kidogo."

"Choo kiko nyuma ya jiko."

Sikufika chooni. Jiko la nje lilikuwa tupu, na deli langu lilikuwa pale chini, limefunikwa vizuri. Nikalifunua. Ule ubaridi ulionipiga usoni, ndugu zangu, nusura niimbe. Nikafungua vifungo viwili vya blauzi. Nikavua kilemba. Nikapiga magoti nikaingiza kichwa chote, nikalaza shavu juu ya sato mmoja, na nikajisikia nikisema kwa sauti: "Asante. Asanteni sana jamani."

Nyuma yangu ndoo ikaanguka.

Magesa! Alikuwa analeta maji jikoni. Mtu ambaye kwa heshima hatakiwi hata kuketi karibu nami, amemkuta mama mkwe kichwa wazi, ndani ya deli, anazungumza na samaki. Nilisikia miguu, kisha nikasikia uzio wa minyaa ukivunjika. (Lango lilikuwa wazi, hatua tatu tu pembeni.)

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikawaza: je, hili joto likirudi katikati ya hotuba? Nikachota barafu viganja viwili, nikaipanga utosini, nikafunga kilemba juu yake, nikakaza. Nikajitazama kwenye kifuniko cha sufuria. Malkia!

Nikarudi sebuleni nimetulia kama mtungi. Mzee akaamshwa. Katika nyumba ile, ombi zito husemwa umesimama. Nikasimama.

"Wazazi wenzangu, nimekuja kwenu kwa unyenyekevu..."

Tone la kwanza likashuka nyuma ya sikio. Nikaendelea. Tone la pili likapita kwenye pua, la tatu likakaa kwenye kope.

"Mkwe analia," Mzee akasema kwa huruma. "Uchungu wa mwana huo. Usilie, mkwe."

Nikaona heri iwe hivyo. Nikapangusa jicho kwa huzuni. Tatizo ni kwamba machozi hayanuki sato. Nikaona pua ya Mama Magesa ikitafuta. Na si pua yake peke yake. Chini ya meza akatoka paka wa kijivu, mkubwa kama ndama, akaketi mbele yangu akanitazama kichwani.

Nikaharakisha. "Mnajua mjamzito anahitaji mtu wa kumwangalia..."

Paka akapanda kochi. Nyangeta, mlangoni, alikuwa ananionyesha ishara kwa mikono yote miwili, sikuzielewa. Paka akapanda mgongo wa kochi. Sasa yuko usawa wa sikio langu, namsikia anavyohema.

"...na mimi, wakwe zangu, ni mtu mtulivu..."

Paka akaruka.

Kilemba kikaenda na paka. Barafu ikamwagika sakafuni, ikakimbia chini ya makabati. Kipande kimoja kikaruka juu, kikazunguka, kikatua ndani ya kikombe cha Mama Magesa. Chubwi! Tukainama sote kutazama. Barafu ikayeyuka kwenye ile chai ya moto, na taratibu akaelea furu, kale kasamaki kadogo ka ziwani. Furu mzima, urefu wa kidole, macho wazi.

Mzee akasogeza uso karibu na kikombe.

"Huyo ni dagaa?" Mzee akauliza.

"Ni furu, Mzee. Dagaa ni mwembamba zaidi." (Hata pale nilieleza!)

Mama Magesa hakutikisika. "Mkwe. Hii ni nini?"

Nikafikiria kudanganya kwamba ndiyo desturi ya watu wa ziwani. Kisha nikamtazama Nyangeta. Macho yake yalikuwa yamejaa, na haikuwa barafu. Safari yake ya Musoma ilikuwa inaelea kwenye kile kikombe. Nikaona bora nikose kwa ukweli.

"Ni homoni, mama."

Nyangeta akajifunika uso kwa kanga.

Nikasema yote, nywele zimelowa, mvi zangu nje. Kwamba joto hunijia, moyo ukakimbia, usingizi ukakatika. Kwamba nafundishaga wanawake wenzangu wasifiche, na mimi mwenyewe nimeficha. Kwamba niliogopa ataniona mtu wa papara, ndiyo maana nikajifunga barafu ya samaki kichwani.

Mzee akakohoa. "Na sisi wanaume hizo homoni tunazo?"

"Mnazo, Mzee. Zenu nyingi hushuka polepole, miaka na miaka. Misuli inapungua, tumbo linaongezeka. Kutembea kila siku na kulala vizuri kunasaidia."

"Kumbe! Na huku kusinzia kwangu mchana?"

"Anza kwa kupunguza ule ugali wa mchana, Mzee. Kusinzia kusipokwisha, nenda kituo cha afya wakupime sukari."

"Baba Magesa," mkewe akasema, "nenda kamtafute mwanao. Nimesikia uzio ukivunjika."

Mzee akatoka anajipapasa tumbo. Mama Magesa akasubiri mlango ufungwe. Akasogea kwenye kochi langu, akateremsha sauti.

"Linaanzia kifuani?"

"Kifuani."

"Halafu moyo unakimbia kama umeiba kitu?"

"Hivyo hivyo."

Akatazama mlango. Kisha akasema, "Mimi mwaka wa pili sasa. Nilijua ni moyo unakufa. Nimeshamwonyesha dada yangu kitenge cha kunizikia. Ndiyo maana sichekagi. Niliogopa nikicheka utasimama."

Jamani. Yule mama niliyemwogopa kumbe alinyooka vile kwa woga! Nikamshika mkono. Nikamwambia inawezekana kabisa ni umri tu, lakini asichukue neno langu peke yake. Moyo ukikimbia mara kwa mara, upimwe, pamoja na presha na damu, kwa sababu si kila mbio za moyo ni homoni.

"Na hii chai? Mimi nainywaga moto sana ili itoe joto."

"Mama, hiyo ndiyo inayolikaribisha."

Akatazama kikombe. Furu akamtazama. Ndipo kitu kikaanza mabegani mwake, kikashuka tumboni, kikapanda kikatokea mdomoni: kicheko! Kicheko cha miaka miwili, mpaka akashika ukuta. Nyangeta alisogea kwa hofu, hajawahi kukisikia. Moyo haukusimama. Mama Magesa akamtoa furu kwa mkia, akamrushia paka. "Kula, umefanya kazi."

Kisha akajifuta macho, akanyooka tena.

"Nyangeta ataenda Musoma."

Nikataka kupiga vigelegele.

"Ila nitamleta mwenyewe, wiki ijayo, na nitakaa wiki mbili. Tutapimwa mimi na wewe siku moja, usije ukanitoroka. Na hilo deli liache hapa."

Kwa hiyo nimerudi nyumbani bila deli, na bila kilemba, maana paka alishakimaliza. Magesa mpaka naondoka alikuwa kwa jirani, anatuma watu waulize kama mama ametulia. Mume wangu nimemweleza kila kitu mara tu nilipoingia. Akasema, "Nilijua si bati," akaenda kufungua dirisha.

Sasa chekeni, lakini chekeni kwa sauti ndogo, Nyangeta naye yumo humu kwenye kikundi. Na wewe unayesoma huku unajipepea na daftari la mtoto: kesho vaa nguo nyepesi, mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwako unavyojisikia, nenda kituo cha afya ukapime presha. Na hiyo chai, iache ipoe kwanza.