Bagi Litasema Badala Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Nati ameniuliza tena. Mlangoni mwa darasa, watu wanapita! Ameuliza kama Jumamosi nitakuwa mwinuaji wake. Nikasema nitaangalia. Akauliza ninaangalia nini, maana aliniuliza tangu wiki jana. Nikaangalia viatu vyangu.

Nieleze, ili siku nikiwa maarufu wasomaji wasipate taabu. Nati ni rafiki yangu tangu sote tukiwa na mapengo. Anaitwa Nati kwa sababu hakuna mfuko wake usio na nati. Anashindana na mabagi ya rimoti, yale magari madogo yenye urefu wa mkono na matairi yenye meno, yanayoruka vilima vya mchanga kwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha magodoro. Sheria ya pale ni moja. Dereva haondoki jukwaani. Gari likipinduka, mwinuaji wake ndiye anayekimbia kuligeuza. Huna mwinuaji, hushindani.

Jibu ninalo. Ni "ndiyo". Lilitoka moyoni vizuri, likapita kooni, likafika kwenye meno, likaona watu, likarudi. Nasomeshwa kwa lugha mbili na nina haya katika zote mbili.

Mpango! Chini ya kitanda kuna boksi aliloniletea Mjomba wakati wa likizo. Ndani yake mna bagi zima, ila katika vipande. Nitaliunda. Jumamosi nitalipeleka uwanjani na kuliendesha mbele ya Nati. Ataelewa mwenyewe kwamba jibu ni ndiyo. Maneno matupu hayavunji mfupa, walisema wahenga. Nahisi wahenga nao walikuwa na haya.

Binamu yangu ameuliza ninaunda nini. Tunalala chumba kimoja, na ukoo mzima unamwita Redio. Nikamwambia hakuna kitu. Kufika chakula cha jioni, nyumba nzima ilikuwa inanipa pole na hongera.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Fremu tayari. Shokapu zote nne tayari, moja inalia kama mlango wa stoo. Kijitabu cha maelekezo kina maneno ya Kiingereza na picha. Nasoma maneno, picha naziruka. Picha ni za watu wasiojua kusoma.

Sasa difu. Difu ni gia ya duara inayokaa kati ya magurudumu mawili na kuyagawia nguvu. Bagi langu lina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kila moja inaingia upande wowote utakaoiweka. Waliobuni wana roho nzuri!

Ndani ya difu hutiwa mafuta mazito kutoka kwenye kichupa kidogo. Kichupa kitupu! Nikainua macho. Nywele za Redio zinang'aa kama sufuria mpya. Amejitetea kwamba kichupa kilikuwa mezani, hakina jina la mtu, na nywele zake hazijawahi kumsikiliza hivi tangu azaliwe.

Sikukata tamaa. Kinachotakiwa ni kitu kizito kinachoteleza. Bibi ana asali ya kikohozi. Vijiko viwili tu. Difu zinazunguka kama hariri! Nina hakika hata kiwandani hawajaufikiria uboreshaji huu.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Sisimizi.

Msururu kutoka dirishani, ukapita juu ya mto wa Redio, ukaingia kwenye bagi. Ndani ya difu palikuwa na harusi. Redio aliamka akipiga kelele zilizomtoa Mama kwenye cherehani yake chumba cha mbele, sindano mdomoni na ufagio mkononi. Aliuliza kama ninafuga au ninafundisha.

Kisha Bibi akaja na mtungi wake, akauliza umepunguaje. Nikasema asali hukauka. Bibi akasema katika maisha yake yote hajaona asali ikikauka, ila watoto wenye macho makavu amewaona wengi. Akakohoa. Kikohozi cha makusudi kabisa.

Nimeosha difu kwa maji ya sabuni. Nimetia grisi ya cherehani. Nimezirudisha harakaharaka, maana zinaingia upande wowote.

Habari mbaya zaidi ya sisimizi: Redio amemwambia Nati kwamba akikosa mtu Jumamosi, yeye yupo. Redio! Hajui gari lina difu. Lakini kusema "ndiyo" anajua. Hulisema hata kabla hajaulizwa.

Jumamosi lazima bagi liongee.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Betri imejaa. Jaribio la kwanza, kwenye korido. Nimebonyeza. Bagi likanguruma, likatetemeka, likabaki palepale. Magurudumu ya nyuma yanataka kuja, ya mbele yanataka kwenda. Redio akasema linafanana na Mama na Shangazi wakihamisha kabati.

Uchunguzi wangu: halina nguvu. Dawa: nikaweka kwenye mota gia kubwa ya akiba iliyokuwa ndani ya boksi. Nikabonyeza tena. Moshi! Mama akaita kutoka chumba cha mbele kwamba kama ni pasi, aliyeiwasha aizime. Redio akamjibu kwamba si pasi, ni mtaalamu.

Nikarudisha gia ndogo. Nikafungua kijitabu. Nikaangalia picha.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma. Maneno hayasemi difu ikae upande gani. Picha inasema, tena kwa mshale ambao hata wale sisimizi waliuona. Difu yangu ya nyuma iko kinyume. Lakini kuifikia ya nyuma ni lazima ubomoe nusu ya gari, na ya mbele inatoka kwa skrubu nne tu. Nikafikiri. Shida si kwamba moja iko kinyume. Shida ni kwamba hazifanani. Nikaigeuza ya mbele.

Ugomvi umekwisha! Magurudumu yote manne yamepatana. Yamepatana kurudi nyuma.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Hali ilivyo: nikibonyeza mbele, bagi linarudi nyuma kwa kasi ya kutisha. Nikibonyeza nyuma, linaenda mbele, lakini kama bibi harusi, maana upande wa kurudi waliuwekea kizuizi cha mwendo.

Usingizi ndio ulionipa jibu. Kama mwendo haugeuki, geuza gari! Nimevua bodi, lile ganda la juu, nikatoboa matundu mapya, nikaivalisha kinyume. Sasa bagi linarudi nyuma likitazama mbele. Kwa mtu asiyejua, linakwenda. Nimeliongezea bawa kwa kipande cha plastiki ngumu ambacho Mama hutia kwenye kola. Limependeza mno.

Kasoro ndogo: magurudumu yanayokata kona sasa yako mkiani. Ninakata kushoto, mkia unakwenda kulia na kutaka kukipita kichwa. Kwenye kichochoro nimegonga ndoo, kizingiti na Bibi. Bibi amesema alichotoa yeye ni asali, miguu hakuahidi.

Shuleni Nati alinifuata mpaka kwenye bomba la maji. Akasema leo ndiyo mwisho wa kuandikisha mwinuaji. Akasema hataki mtu mwingine, wengine wanaliokota gari kama wanaokota ndala, mimi nina mikono ya taratibu. Neno likapanda. Likafika kwenye meno! Mtu nyuma yetu akafungua bomba. Nikasema, "Kesho utaona."

Alinitazama. Akasema sawa, ile sawa ya mtu anayefunga duka.

Jioni Redio ametangaza mezani kwamba ameandikishwa. Akauliza kama viatu vyeupe vitafaa. Mama akaniuliza mbona sili. Nikasema nimeshiba. Bibi akasema labda njaa imekauka.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Nianze na mazuri. Bagi liliondoka.

Nililiweka miguuni pa Nati kabla ya mashindano. Sikusema kitu, mpango haukuwa na maneno. Nikabonyeza. Likachomoka kama mkuki, watu wakageuka, Nati akatabasamu, nami nikakata kona. Mkia ukakipita kichwa. Likazunguka kama pia, likaingia chini ya meza ya mwamuzi na kutokea upande wa pili likiburuta waya wa kipaza sauti. Mwamuzi ni fundi wa majokofu. Siku za wiki ni mpole sana. Jumamosi ana filimbi.

Nati akachuchumaa, akalitazama bagi langu pande zote. Akauliza mbona limevaa nguo kinyume. Nikanyanyua mabega. Akauliza kwa nini sikubadilisha tu nyaya mbili za mota, hii huku, hii kule, lingegeuka lenyewe. Nikasema najua.

Sikujua.

Akaendelea kunitazama kama anayesubiri. Nadhani ndipo bagi lilipotakiwa kueleweka. Filimbi ikalia, akaenda jukwaani.

Nati aliongoza. Redio alisimama kwenye kona yake na viatu vyake vyeupe, akiwasimulia watazamaji jinsi mbio zinavyokwenda. Alisimulia vizuri sana. Alikuwa amezipa mbio mgongo. Kwenye kilima cha mwisho gari la Nati likaruka, likatua kwa ubavu, likalala chali, magurudumu juu kama mende. Nati akaita. Uwanja mzima ukaita. Redio akapunga mkono, akidhani wanamshangilia.

Sijui miguu yangu iliulizwa na nani. Nilijikuta mchangani. Nikaliinua kwa mikono miwili, nikafuta udongo kwa mkono wa shati, nikaliweka likitazama linakokwenda, nikaruka pembeni. Lilipita mawili. Likamaliza la kwanza! Nati alirusha mikono juu, nami nilipiga kelele. Sauti yangu mwenyewe, nje, mbele ya watu!

Kisha filimbi. Fundi akasema gari limeguswa na mtu asiyeandikishwa. Ushindi umefutwa.

Nilitamani ardhi inimeze. Redio akasema yeye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, na kwamba alikuwa anakuja. Fundi akamuuliza alikuwa anakuja kutoka nchi gani.

Nilijua Nati hatanisamehe. Alikuja na gari lake kwapani, uso mwekundu kwa jua. Akacheka! Akasema hajawahi kuinuliwa vile, gari liliwekwa kama yai. Akasema ushindi utapatikana tena, mikono haipatikani. Akanivuta hadi meza ya Fundi na kumwambia afungue nafasi ya mwezi ujao sasa hivi, kabla watu hawajaanza kuangalia.

Fundi akashika kalamu. Akaniuliza kama ndiye mimi mwinuaji. Nati ananitazama. Redio ananitazama. Fundi ananitazama, filimbi mdomoni. Kilichotakiwa ni neno moja. Hata kuitikia kwa kichwa kungetosha, nimefikiria baadaye.

Nikasema nitaangalia.

Fundi akafunika kalamu. Nati akafumba macho kidogo. Halafu akatoa nati mfukoni, akanitia kiganjani, akafunga vidole vyangu juu yake. Akasema nafasi ataishikilia wiki moja. Akasema sihitaji kuunda kitu chochote. Nimjibu tu.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Nimetafakari sana maneno ya Nati. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi.

Bagi halikuwa na sauti!

Mpango, na huu hauna tundu. Redio ana simu ya zamani iliyopasuka kioo lakini spika nzima. Nitaifunga juu ya bodi. Bagi litatoka kwetu, litapita kichochoroni, litafika mlangoni kwa Nati na kusema "Ndiyo". Mimi nitakuwa nyuma ya ukuta na rimoti. Hakuna atakayeniona.

Nimerekodi asubuhi nzima. Sauti yangu inatoka kama ya mtu aliyefungiwa kabatini. Redio amejitolea kusema yeye. Alisema mara moja tu, ikatoka safi, yenye furaha na heshima. Nimeitumia yake. Ndiyo ni ndiyo.

Simu ni nzito, bawa limevunjika. Nimelirudisha kwa gundi, ambayo hukauka kwa siku mbili, kwa hiyo safari ni Jumanne. Sasa shokapu zote nne zinalia, angalau zinalia pamoja. Nyaya za mota sijazigusa. Ningezibadilisha, ningelazimika kugeuza bodi tena, na matundu yameshatobolewa. Isitoshe nyumba ya kina Nati iko nyuma ya yetu, kwa hiyo kurudi nyuma ndiyo njia yenyewe.

Mchana palitokea usumbufu. Nilikuwa katikati ya kufunga simu, skrubu mdomoni, Mama akaita kwamba nina mgeni. Nati! Mlangoni kwetu, peke yake. Mama akasema hakuna mtu mwingine, Redio na Bibi wametoka, niende nikaongee na mwenzangu, tangu lini mtu akasimama nje kwetu kama mdai. Nilimsikia Nati akiniita kwa sauti ya kawaida tu. Alisema amepita kusikia nimeamuaje.

Wakati mbaya kuliko wote! Gundi haijakauka.

Nimemwomba Mama amwambie sipo. Mama amesema hawezi kudanganya mtoto wa watu wakati miguu yangu inaonekana chini ya pazia. Nikaivuta miguu.

Nati amesubiri kidogo, kisha ameondoka. Maskini. Laiti angejua jibu zuri linalomjia Jumanne.