Huruma Nyuma ya Kadibodi

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, benchi la nje likalowa, kwa hiyo tulijibana ndani kwa Kinyozi. Ni humo humo ambamo kila Jumamosi tunacheza mchezo wetu wa hadithi: Kinyozi anasimulia na kuyaendesha majoka, sisi wengine ni mashujaa, dadu zinaamua nani anapona.

Sindano, muuguzi wa zahanati, aliingia akikung'uta mwavuli. "Mmesikia? Kundi la mtaa wa pili limekwisha. Joka limepumua moto mara moja tu, mashujaa wanne majivu."

"Wachanga hao," alisema Pasi, dobi wetu, akiwa kitini na shuka shingoni. "Joka halitaki papara. La kwetu nani alilimaliza?"

"Wewe, kaka," alijibu Sindano. "Tunaambiwa tangu mwaka jana."

"Kwa mkuki, nimebakiza pumzi moja. Hata shemeji yenu nilimwigizia jikoni, kwa mwiko."

"Ila kuna kitu kinanisumbua," alisema Sindano. "Juzi Kinyozi kaniazima daftari lake la mchezo. Joka lile limeandikwa uhai mia mbili, yaani halifi mpaka mapigo yafike pointi mia mbili. Mapigo yetu yote, na hilo lako la mkuki, ni mia na kumi na tisa. Mimi kazi yangu kupima dozi. Themanini na moja zilikwenda wapi?"

Mashine ya kunyolea ilinyamaza.

"Labda siku ile lilikuwa linaumwa," alisema Kinyozi.

"Njia ya mwongo fupi, kaka," alisema Sindano. "Yako imefika mwaka."

Pasi alinigeukia, nusu ya kichwa imenyolewa. "Wewe ulikaa upande wake wa kadibodi." Ni ile ambayo Kinyozi huisimamisha mezani kuficha dadu zake. "Uliona nini?"

Nilitazama sakafu. "Leo nimeshasali, ndugu yangu. Usiniulize."

"Basi umeshajibu."

Kinyozi alishusha pumzi. "Dadu ilisema umekufa. Nikakutazama. Umesimama juu ya kiti, jasho linakutoka, umeshika fagio langu. Ningekuua vipi? Nikatangaza mkuki wako umeliua joka. Joka nikilizidishia makali, mnakwisha. Nikilipunguzia, mnasinzia. Ni kama chumvi, ikikolea sawasawa hakuna anayeitaja."

"Kumbe mwaka mzima najisifia sadaka." Sauti ya Pasi ilikuwa ndogo. Akavua shuka, akasimama. "Jumamosi msinihesabu."

"Unatoka na kichwa hicho?" aliuliza Sindano.

Pasi alijitazama kiooni: upande huu kipara, upande ule kichaka. Akakaa taratibu.

Kinyozi hakuwasha mashine. Aliitoa kadibodi nyuma ya kioo, akaichana vipande viwili. "Nyinyi ni mashahidi. Jumamosi joka lile linafufuka, uhai mia mbili kamili. Dadu zitaanguka katikati ya meza, kila mtu azione. Pasi, zikisema umekufa, nakuzika."

Pasi alijifunga shuka mwenyewe.

"Na mimi naahidi mbele yao," alisema. "Nikifa, shemeji yenu nitamwonyesha nilivyokufa. Jikoni pale pale, kwa mwiko ule ule."