Barabara Nzuri ya Kuingia Brannock

Jumatatu, 6 Aprili

Gazeti limetutaja tena. Miji mibaya kuliko yote ya kuishi, na Brannock ni wa tatu. Mwaka jana tulikuwa wa tano. Tunapanda!

Kocha Gaskill, bosi wangu, ameniwekea ukurasa huo mezani. Amesema timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu imebaki na wachezaji tisa, wote wafupi, na kwamba mimi, Chester Wozniak, msaidizi wake wa siku nyingi, nisipokiletea chuo chetu msichana mmoja mrefu mwezi huu, msimu ujao atatafuta msaidizi mwingine. Amesema kwa upole. Akanikatia na keki. Keki ndiyo iliyonitisha.

Lakini ninaye! Kirsten Aldinger, binti wa mkulima wa Iowa. Mrefu kama mlango. Jumamosi anakuja kukitazama chuo pamoja na wazazi wake na mdogo wake. Nimebakiwa na kazi moja tu: wasiuone mji.

Loretta, mke wangu, anafundisha hesabu Sekondari ya Mashariki, hapa hapa Brannock. Wakati wa chakula ameniuliza kwa nini nihangaike na Iowa wakati Jerusha Tolliver amekaa darasani kwake kila siku. Jerusha anaruka, anapenya, anafunga. Nikamwambia, mpenzi, shule yenu ina jina baya. Paa linavuja, mwalimu wa kemia hamjampata tangu Krismasi. Wazazi wa wachezaji wetu wakisikia tunasajili kutoka huko, watasemaje?

"Hilo jina baya limetoka wapi?" akasema. "Si kwenu nyinyi, mnaopita pale mmepandisha vioo vya gari?"

 Nikajiongezea viazi.

Jumatano, 8 Aprili

Mpango umeiva. Kutoka uwanja wa ndege, njia fupi inapita Mtaa wa Furnace: kiwanda cha chuma kilichokufa, nyumba zilizohamwa, kanisa lisilo na paa. Mimi sipiti huko. Nitazunguka Fairhaven, mji wa jirani wa wenye nazo, nipite kando ya ziwa, kisha niingie Brannock kwa mlango wa nyuma. Njia ni ndefu mno, lakini mdomo ninao.

Tatizo ni Mtaa wa Vine. Haukwepeki. Nyumba sita zimefungwa, madirisha yamepigiliwa plaiwudi. Nimesikia miji mingine wanachora madirisha ya bandia juu ya plaiwudi. Mapazia, vyungu vya maua. Ukipita kwa gari hujui. Wazo la bingwa!

Nimemwomba Loretta aniazimie rangi kwa mwalimu wa sanaa. Akauliza za nini. Nikasema za mapambo.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimechora tangu asubuhi. Mapazia ya buluu. Maua. Dirisha la mwisho, paka wa rangi ya chungwa. Paka ametoka vizuri kuliko vyote. Kumbe nina kipaji!

Bibi Oakes, ajuza anayeishi mkabala na zile nyumba, amekaa barazani kwake kunitazama. Akauliza kama nyumba zimepata wenyewe. Nikasema bado. Akasema, "Basi, mwanangu, nichoree na mtu. Pale kwenye mlango wa kijani alikuwa anakaa Stella, rafiki yangu." Nikachora mwanamke mwenye kitambaa kichwani. Akasema huyo siye, Stella alikuwa mnene. Nikamnenepesha. Akasema Stella hakuwa mtu wa kununa. Nikamchekesha.

 Bibi Oakes akaingia ndani, akaniletea maji ya limau.  Nikayanywa yote.

Jumamosi, 11 Aprili

Siku ya kufa nyani.

Ilianza vizuri. Tulipofika Fairhaven, Bi. Aldinger, mama wa Kirsten, akashangilia. Bustani! Ziwa! Mabata! Akasema mji wenu mzuri hivi, hao wa magazeti wana nini? Nikasema wana wivu. Sikudanganya. Sikusema popote kwamba hapo ni Brannock.

Ndipo mtoto, Nils, akabanwa na mkojo. Tukasimama kituo cha mafuta. Na nani ananunua kahawa pale ndani? Todd Lindqvist, kocha wa chuo cha Fairhaven, hasimu wangu, mtu anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Akamtazama Kirsten kuanzia viatu, akapandisha macho, akapandisha, akapandisha. Kisha akanyoosha mkono. "Karibuni sana Fairhaven!"

Bi. Aldinger akanigeukia. Kumbe hapa si Brannock? Nikasema ni majirani zetu, tunapendana sana.

Mvua ikaanza.

Rangi za shule ni za maji. Nani alinikumbusha? Hakuna! Tulipoingia Mtaa wa Vine mapazia yalikuwa yanamiminika hadi barabarani, buluu tupu. Nils akauliza kwa nini paka analia. Bi. Aldinger akaniambia nisimamishe gari.

Bibi Oakes alikuwa amesimama barazani na mwavuli, anatazama mlango wa kijani. Uso wa Stella ulikuwa umefika kifuani. "Chester," akasema, "ameniondokea tena." Hakunilaumu. Angenilaumu ningepona. Bi. Aldinger akateremka mvuani, akapanda ngazi, akamshika mkono, wakasimama vivyo hivyo wawili. Mimi nimeshika usukani nalia, nikajifanya nafuta kioo.

Chuoni nilijaribu kuokoa jahazi. Nikawaonyesha jezi niliyomtengenezea Kirsten yenye jina lake mgongoni. Bwana Aldinger, ambaye tangu uwanja wa ndege hakuwa amefungua mdomo, ndipo akaufungua. Akasema kwao nusu ya maduka yamefungwa, benki imehama, na shule wanachanganya na vijiji viwili. Hawakuja kukagua madirisha.

Kirsten akauliza ni nani katika timu aliyekulia Brannock. Nikahesabu kichwani. Nikahesabu tena. Hakuna hata mmoja.

"Samahani, Kocha," Bi. Aldinger akasema, kwa upole ule wa kuua. "Kama nyinyi wenyewe hamuwaamini watoto wa hapa, mimi niwaachie wangu kwa lipi?"

Jumapili, 12 Aprili

Wamepiga simu. Kirsten anakwenda Fairhaven. Jana jioni, njiani kurudi, walipita kwa Lindqvist, naye akawakutanisha na wachezaji wake wawili waliozaliwa pale pale. Mtu huyu hana haya. Njia ya Fairhaven niliwaonyesha mimi mwenyewe!

Loretta hakunicheka. Nilitamani anicheke. Aliziosha brashi moja moja, kisha akaniambia Jerusha bado hajatia saini popote. Ila ana wageni, wa chuo kimoja cha Tennessee, na hawachoki kuja. "Mume wangu, nenda kesho. Kesho, unanisikia?"

Namsikia. Nitakwenda Jumatano. Kesho na keshokutwa napanga maneno. Mtu haendi na kichwa kitupu.

Jumatano, 15 Aprili

Nimevaa tai. Nimebandua jina la Aldinger kwenye jezi, nimebandika Tolliver.

Ukumbi wa michezo wa Mashariki umejaa. Wanafunzi, bendi, ndoo chini ya paa linapovuja. Katikati kuna meza yenye kitambaa na kofia tatu za vyuo. Nikadhani Loretta kanipangia mapokezi. Nikawapungia watu mkono! Loretta akanivuta kiti, akaninong'oneza kwamba leo wa mwaka wa mwisho wanatangaza vyuo walivyochagua, kwa kuvaa kofia. Uamuzi wameufanya jana.

Nikazitazama zile kofia. Yetu haimo.

Jerusha akavaa ya Tennessee. Bendi ikalipuka. Mama yake, amevaa sare ya hospitali, alipiga makofi huku anajifuta macho, maana Tennessee ni mbali na likizo yake ni fupi.

Baadaye Jerusha akanijia. Nilikuwa na maneno ya siku mbili, hata moja halikutoka. Nikampa jezi tu. Akaigeuza, akasoma jina lake.

"Kocha Wozniak, wale wa Tennessee wamekuja mara nne. Wamekula chakula cha kantini yetu, mpaka ile supu. Nyinyi, taa za uwanja wenu naziona kutoka kitandani kwangu." Akaikunja jezi vizuri. "Ningebaki. Mama angekuja kila mechi. Nilikuwa nasubiri tu mje."

Akanikumbatia, yeye mimi! Nikalia mbele ya shule nzima, na bendi, hawana akili, wakapiga wimbo mwingine. Loretta hakuuachia mkono wangu hadi nyumbani.

Ijumaa, 17 Aprili

Mtu mpya! Nimejifunza, na nimemwambia Kocha Gaskill hivyo hivyo, akaniongezea muda hadi mwisho wa mwezi wa tano.

Yupo Delphine Rucker, anacheza na Jerusha, yuko nyuma yake mwaka mmoja. Mikono mirefu, macho nyuma ya kichwa. Kesho saa nne ana mechi Mashariki. Mchana nimekwenda mwenyewe, vioo vya gari chini, nikamwahidi nitakaa mstari wa mbele. Msichana akaruka hadi nikaogopa. Akampigia bibi yake simu hapo hapo: "Bibi, wa chuo wanakuja! Ndiyo, wa hapa kwetu!" Bibi ameahidi kuoka pai ya tufaha, na kiti changu watakiwekea karatasi yenye jina. Loretta amenibusu katikati ya kipaji cha uso. Sijabusiwa hapo tangu harusi.

Saa kumi na moja simu imelia. Nebraska! Msichana mrefu kuliko Kirsten, mrefu hadi baba yake anaona aibu kuutaja urefu wenyewe. Wanasitasita kwa sababu ya jina la mji. Wanataka mtu wa kuwatoa hofu, na Lindqvist anafika Jumatatu. Ndege yangu ni kesho alfajiri.

Loretta amesimama mlangoni, anatazama ninavyokunja mashati. Ameuliza swali moja tu: na Delphine?

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Delphine yuko hapa hapa, haendi popote.